Je, Wajua? Maajabu ya Masasi na Newala Yaliyotawanyika Kwenye Kurasa za Wengine

Je, wajua kwamba daktari wa Brazil, wa India au wa kisiwa cha Réunion anapoandika "chikungunya" kwenye faili la mgonjwa, anaandika Kimakonde?

Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko uliotokea Newala na maeneo ya jirani mwaka 1952 na 1953. Daktari Marion Robinson ndiye aliyeziandika dalili zake: homa inayopanda ghafla, vipele, na maumivu makali ya viungo, kiasi kwamba mtu aliyelala mzima anaamka hawezi kusimama wima. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, lililotokana na kitenzi chao cha kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamejipinda. Wataalamu wakalichukua jina hilo kama lilivyo, na leo liko kwenye vitabu vya udaktari vya lugha zote. R. W. Ross, mtafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe, Uganda, akakitenga kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya wagonjwa. Makala yake ya mwaka 1956 imeitaja Newala kwenye kichwa cha habari. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa imegundua kirusi cha Zika mwaka 1947.

Kwa miaka mingi dunia haikuujali sana ugonjwa huu. Mwaka 2004 ukalipuka Lamu na Mombasa. Kutoka hapo ukavuka bahari, na mwaka 2005 na 2006 ukawapata takriban theluthi moja ya wakazi wa Réunion, kisha ukaingia India. Mwishoni mwa mwaka 2013 ulikuwa umefika Karibi. Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza dhidi yake.

Haya yote yanapatikana kwenye Wikipedia, ile kamusi elezo huru ya mtandaoni, kwa anayejua pa kubofya. Unafungua ukurasa wa ugonjwa, unabofya jina la mji, unarudi nyuma, unabofya jina la vita, usiku unakwenda. Lakini ukianzia upande wa pili, yaani ukitafuta kata za Newala au Masasi kwa Kiswahili, aghalabu utapata mistari michache tu: jina la kata, namba ya postikodi, idadi ya watu kwa sensa. Maajabu ya nchi hii yamekaa chini ya vichwa vya habari vya watu wengine, kwenye kurasa za magonjwa, za ndege za kivita, za maaskofu wa Kiingereza na za makumbusho ya Uswisi. Ndiyo maana nimeona yafaa kuyakusanya mahali pamoja, kwa Kiswahili.

Turudi kidogo kwenye chikungunya, kwa sababu kuna swali ambalo jibu lake linafungua mambo mengine mengi. Kwa nini ugonjwa ulishamiri Newala? Jibu ni maji. Uwanda wa Makonde unainuka kutoka pwani kuelekea magharibi hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha ya kutosha. Lakini udongo wake wa kichanga na miamba iliyo chini yake hunywa maji yote. Juu ya uwanda karibu hakuna kijito wala mto. Maji huzama, kisha hutokeza chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani waliteremka mteremko mkali alfajiri, wakapanda tena na mtungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayamwagwi. Huhifadhiwa ndani ya nyumba kwa siku nyingi. W. H. R. Lumsden, aliyechunguza namna mlipuko ule ulivyoenea, alikuta mbu aina ya Aedes aegypti wamezaliana ndani ya vyombo hivyo vya maji majumbani. Mbu huyo huuma mchana. Hivyo mtungi uliookoa maisha ya familia wakati wa kiangazi ndio uliomlea mbu aliyeiangusha.

Hadi leo, ukipita Newala na Tandahimba utaona nyumba nyingi zenye kisima cha saruji uani, kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mradi wa kuvuta maji kwa pampu kutoka mabondeni ulianza zama za ukoloni, miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1970 nchi ya Finland iligharimia miradi ya maji Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Bado maji ndiyo hoja kubwa kwenye mikutano ya hadhara.

Je, wajua kwamba maji hayohayo yaliwahi kuamua vita kati ya mataifa mawili ya Ulaya? Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ureno lilivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na mwezi Oktoba likaliteka boma la Wajerumani pale Newala. Boma liko juu, ukingoni mwa uwanda, na kutoka hapo macho yanafika ng'ambo ya Ruvuma. Mahali pazuri pa kutazamia adui, ila maji yako chini. Wajerumani na askari wao Waafrika walirudi, wakalizingira boma, wakakishika chanzo cha maji. Mwishoni mwa Novemba Wareno waliitoroka Newala usiku, wakarudi ng'ambo ya mto.

Mwaka uliofuata ndipo lilipotokea jambo ambalo nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la kivita la Ujerumani, lililoitwa L 59, liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, likielekea kwenye Uwanda wa Makonde. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 226, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Lilibeba karibu tani 15 za mizigo kwa ajili ya kikosi cha kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, kilichokuwa kimebanwa na Waingereza kusini mwa Tanzania ya leo: risasi, bunduki za rashasha, dawa na vifaa vya hospitali.

Safari ilipangwa iwe ya kwenda tu. Afrika hakukuwa na gesi ya haidrojeni ya kulijaza upya, kwa hiyo wahandisi walikusudia kila kipande chake kitumike likishatua. Kitambaa cha nje kingeshonwa mahema, bitana ya ndani ingekuwa bandeji, na fremu ya metali nyepesi ingejenga mnara wa simu ya upepo. Puto lilipita juu ya Uturuki, likavuka Bahari ya Mediteranea, likaingia Misri na kufuata jangwa hadi Sudan. Mchana joto la jangwa lilitanua gesi na kulirusha juu, usiku baridi ililishusha. Mabaharia wa angani waliumwa kichwa na wengine wakaona mazigazi. Alfajiri ya tarehe 23, likiwa magharibi ya Khartoum, likapokea amri kwa redio: rudini. Kikosi cha Lettow-Vorbeck kilikuwa kimesukumwa nje ya maeneo ambamo puto lingeweza kutua salama. Nahodha Ludwig Bockholt akageuza. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba walitua Jamboli palepale walipoanzia, wakiwa wamesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kugusa ardhi.

Siku hiyohiyo, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano, akawashambulia Wareno na kuziteka bunduki, risasi na dawa zao. Alipata kwa adui kile alichokuwa anaangushiwa kutoka mbinguni. L 59 lenyewe lililipuka angani karibu na Italia mwezi Aprili 1918, na wote waliokuwamo wakafa. Mimi nikisoma habari hii nawafikiria zaidi wapagazi. Majeshi ya pande zote mbili yaliyapitia mashamba ya uwandani na bonde la Ruvuma yakichukua chakula na vijana, na vita ile ilibebwa mabegani mwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Puto lina ukurasa wake, nahodha anajulikana. Mpagazi wa Newala bado anasubiri wa kumwandika.

Kuna mpagazi mmoja, hata hivyo, aliyeacha alama. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, msomi wa Kijerumani Karl Weule wa Leipzig alifika Lindi, akapita Masasi, akakaa Newala na kuzunguka uwandani. Alikuja na fonografu ya kunasia sauti kwenye mirija ya nta, na kamera ya picha za sinema. Ngoma na nyimbo za watu wa kusini zikanaswa miaka zaidi ya mia moja iliyopita, wakati Dar es Salaam yenyewe ilikuwa mji mdogo. Mkusanyiko wa sauti wa Berlin, unaohifadhi mirija ya nta ya zama hizo, uliingizwa mwaka 1999 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Tena Weule aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na penseli, akawaomba wachore watakacho. Michoro yao, ikiwemo ya nyapara wake aliyeitwa Pesa Mbili, ilichapishwa kwenye kitabu chake cha mwaka 1908. Mtu aliyeajiriwa kubebesha wenzake mizigo akaingia kwenye historia kama mchoraji. Weule alikuwa mtu wa zama zake, na mengi aliyoyaandika juu ya Waafrika yanakera kuyasoma; lakini penseli ya Pesa Mbili haina kosa.

Tuteremke sasa Masasi. Anayeingia mji huo kwa barabara ya Lindi huona milima ya mawe mitupu, imesimama mmojammoja kwenye tambarare kana kwamba imeshushwa na mkono wa mtu. Mwanajiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, akaichunguza milima ya namna hiyo na kuandika juu yake mwaka 1900. Mlima wa jiwe moja la mviringo, uwe Brazil au Australia, wanajiolojia wanauita bornhardt hadi leo.

Chini ya milima hiyo ndiko Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kukusanya hekaya za Zanzibar, alikofika mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wametoka Zanzibar, na nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi wakaipenda ardhi, wakaomba wabaki. Mji wa leo umekua juu ya uamuzi ule wa watu waliochoka kutembea na waliojua vizuri bei ya uhuru. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakachukua mateka, na sehemu ya kazi ya misheni ya Steere ikahamia Newala kwa Chifu Matola. Mmoja wa vijana waliokombolewa na kusomeshwa na misheni hiyo, Cecil Majaliwa, alifanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. Naona ajabu kwamba jina lake halifahamiki kwa watoto wa shule kama linavyofahamika jina la Livingstone.

Je, wajua kwamba Masasi ina undugu na tarumbeta ya mwanamuziki Hugh Masekela? Padre Trevor Huddleston alikuwa akihudumu Johannesburg, ambako alimpatia kijana Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe akaipelekea bendi ya vijana wa Huddleston tarumbeta moja kutoka Marekani. Padre huyo aliupinga ubaguzi wa rangi waziwazi hadi wakuu wake wakamwita arudi Uingereza. Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, akakaa hadi 1968. Kanisa kuu lake lilikuwa pale Mtandi, chini ya jabali, na uhuru wa Tanganyika ulimkuta huko. Baadaye aliongoza harakati za kupinga ubaguzi Uingereza hadi Afrika Kusini ilipopata uhuru wake.

Kuhusu Rais wa zamani Benjamin Mkapa aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938 na kuzikwa hukohuko Julai 2020, msomaji anajua ya kutosha.

Pengine hujui habari za mtu wa nyoka. C. J. P. Ionides alikuwa bwana nyama wa serikali ya kikoloni, na wengi humtaja kuwa ndiye aliyeipa Selous umbo la hifadhi kubwa tuliyoijua. Alipostaafu akahamia Newala, akaifanya makao ya kukamata nyoka. Koboko wa kijani, ambaye ni nyoka wa mitini mwenye sumu kali, alimtoa juu ya mwembe kwa koleo lenye mpini mrefu. Wanakijiji walimletea habari kila walipoona nyoka, na nyoka walisafirishwa wakiwa hai kwenda kwenye bustani za wanyama na maabara za sumu ng'ambo. Mwandishi Margaret Lane alikaa naye Newala na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Ionides alifariki mwaka 1968. Yupo mjusi asiye na miguu anayeishi chini ya udongo wa kusini, jina lake la kisayansi ni Loveridgea ionidesii. Nyuma ya kila nyoka wa Ionides alikuwepo mtu wa Newala aliyemwona kwanza na kujua mti upi, saa ngapi. Hao hawana mjusi wa jina lao.

Na simba? Watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha mwaka 2005 hesabu ya kuhuzunisha: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 300, hasa kusini mashariki. Chanzo kikubwa walichokitaja ni nguruwe pori. Nguruwe huingia shambani kula mazao, mkulima analala dunguni kulinda, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Utafiti wa mwaka 2011 ukaongeza jambo la mbalamwezi. Mashambulizi huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, katika saa za giza baada ya jua kuzama na kabla mwezi haujachomoza. Wakati wa mbalamwezi simba hawindi vizuri kwa kuwa anaonekana, kwa hiyo giza linaporudi anakuwa na njaa. Anayelala shambani na aijue kalenda hiyo.

Je, wajua kwamba barakoa ya Kimakonde iliwahi kuibwa Dar es Salaam na kurudishwa baada ya miaka 26? Iliibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mtafiti mmoja wa Kiitalia akaitambua mwaka 1990, na mazungumzo yakachukua miaka ishirini hadi ilipokabidhiwa kwa Tanzania Mei 2010. Mwezi huohuo, tarehe 12, ndipo Daraja la Umoja lenye mita 720 lilipofunguliwa Mtambaswala juu ya Ruvuma, kuunganisha nchi mbili za Wamakonde.

Nchi ya tatu iliongezeka baadaye. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni waliishi Kwale kwa vizazi bila kitambulisho, hadi walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ikawatambua kuwa kabila la 43 la nchi hiyo.

La mwisho ni la korosho, maana huwezi kuutaja uwanda huu ukaiacha. Mkorosho asili yake ni Brazil na uliletwa na Wareno. Ni wa ukoo mmoja na mwembe. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, ndiyo maana mbanguaji hupaka mikono majivu au mafuta. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Miaka 13 baadaye mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua. Unga wa salfa na kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndivyo vilivyoirudisha korosho. Mkorosho hauombi kijito. Mizizi yake hufuata maji yaliyozama, na kwa hilo umeielewa nchi hii kuliko wahandisi wengi.

Sasa neno kwako, msomaji wa Masasi, Newala, Tandahimba au popote ulipo. Aliyekuwa na miaka kumi chikungunya ilipopita mwaka 1952 ana zaidi ya miaka themanini leo. Muulize nani aliugua, maji yalitekwa wapi, ugonjwa uliitwaje kijijini kwenu. Muulize pia babu yake alibebeshwa nini wakati wa vita. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa, kwa hiyo yaandike kwanza gazetini, kwenye jarida la shule au kitabu cha parokia, kisha ufungue ukurasa wa kata yako, ubofye "Hariri", na uongeze chini ya ile postikodi. Kiswahili kinakubaliwa humo kama lugha nyingine yoyote, na nafasi ni bure.